Nilipokea Simu Isiyo Yangu

Nimekosa. Siandiki haya ili mnionee huruma, maana huruma yenyewe siistahili. Nimekosa kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, Biblia ikiwa mapajani, na wale wawili niliowakosea wamekwisha kufa. Jina langu sitalitaja. Majina yao nimeyabadilisha.

Mimi ni mchungaji. Ndiyo, mchungaji! Yule wa kuwaambia wenzake watubu.

Kanisa letu ni la walokole, huku bara ya Bagamoyo, upande wa Miono. Ni dogo. Mabati juu, matete ubavuni, viti vya plastiki ambavyo kila Jumapili nusu yake vilibaki vimepandana kwenye kona. Nilipotumwa kutoka Dar niliambiwa shamba limeiva. Nilipofika nikakuta shamba lina wenyewe. Waislamu ndio wengi, na misikiti yao ipo tangu enzi za mababu. Wakristo nao karibu wote ni wa Misheni, lile kanisa la zamani la mapadri, lenye kengele na shule na makaburi yake. Huku ukimwuliza mtu kama ni Mkristo anakujibu, "Ndiyo, wa Misheni," na hapo amemaliza. Sisi tulijulikana kama wale wa kupiga kelele.

Niwaambie kilichokuwa kinaniuma, mnicheke. Kwenye mikutano ya kijiji mwenyekiti humwita shehe apige dua, kisha humwita katekista wa Misheni asalishe, kisha anasema, "Haya, tuendelee." Miaka minne nilihudhuria mikutano ile nimevaa koti kwenye joto hili, nikingoja na mimi niitwe. Sikuitwa! Siku moja nikakohoa makusudi ili nionekane. Mwenyekiti akaniuliza kama nataka maji ya kunywa.

Mnaweza kuliona jambo dogo. Kwangu lilikuwa kubwa. Nilitaka na mimi nionekane nina watu.

Aliyenipa watu ni mama mmoja nitakayemwita Mama Agnesi. Mjane wa miaka sitini hivi, hakujaliwa mtoto. Alizaliwa Saadani kwenye nyumba ya Kiislamu, wakamwita Mwanaidi. Akaolewa huku kwetu na mtu wa Misheni, akabatizwa, akawa Agnesi. Mumewe alipokwisha kufa, yeye akashikwa na maradhi ya mgongo, akaja kwangu kuombewa. Akapona, akabaki. Na hakubaki peke yake! Kule Misheni alikuwa kiongozi wa jumuiya, watu walimpenda, akaja na wenzake saba. Kwa kanisa la watu kumi na wawili, saba si mchezo.

Ndugu alikuwa naye mmoja tu duniani, kaka yake, Mzee Salehe wa Saadani. Wazazi wao walikufa mapema. Kaka ndiye aliyemlea, kaka ndiye aliyemwoza, na alipobatizwa kaka alikuwepo, amekaa nje kivulini akisubiri shughuli iishe wale pamoja. Dini haikuwahi kuwagombanisha. Kila Idi Mama Agnesi alikwenda Saadani, akapika na wifi yake Bi Tatu, akarudi na habari za mtoto wao Shabani, mtu mzima mwenye kazi yake hifadhini.

Siku moja nilimwuliza kama haoni vibaya, mlokole mzima kwenda kula Idi. Akacheka.

"Mchungaji, kaka yangu alinitafunia chakula nikiwa sina meno. Leo nikiukataa mkono wake, nitakuwa nimeokoka nini?"

Sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu huwa nakasirika. Jumapili iliyofuata nikafundisha kwamba chakula cha hitima si cha mtu aliyeokoka. Kukaa kwenye mkeka wa arobaini ya mtu, kula ubwabwa wa kumsomea marehemu, yote nikayapiga marufuku. Andiko la kuniunga mkono nikalipata, maana andiko halimkosi anayelitaka. Mama Agnesi alisikiliza ameinamisha kichwa. Alikuwa mtiifu, masikini! Utiifu ule ndio niliouchezea.

Mwaka huo Askofu wetu akatuma habari kwamba anakuja kutukagua. Kulikuwa na maneno huko Dar kwamba vituo visivyo na watu vifungwe. Nikatangaza mfungo wa siku saba, Jumatatu hadi Jumapili, watu wakae kanisani wakiomba, Askofu akija akute moto unawaka. Nikaweka na sharti. Simu zote zikabidhiwe kwangu ili dunia isituingilie. Mke wangu akaleta beseni la kufulia, simu zikaingia humo, beseni nikaliweka chini ya meza yangu nje ya kanisa.

Jumanne saa nne asubuhi, simu moja ikaita ndani ya beseni. Kitochi cha Mama Agnesi. Kwenye kioo imeandikwa KAKA. Ikakatika, ikaita tena. Mara ya tatu nikaipokea. Nilitaka tu inyamaze, nadhani.

"Asalaam aleikum, shangazi..."

"Huyu ni mchungaji wake," nikasema.

"Ah! Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Ni Shabani hapa, wa Saadani. Naomba nizungumze na shangazi. Baba hali yake si nzuri. Tangu jana anamwita yeye tu."

Mama Agnesi alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, nyuma ya ukuta wa matete. Nilikuwa naisikia sauti yake akiimba! Ningeita tu angetoka.

Lakini kichwa changu kilishaanza kuhesabu viti. Akiondoka yeye, wale saba hawatakaa, maana walikuja kwa ajili yake. Askofu atakuta watu kumi na wawili na mke wangu. Nikasema, "Mwanangu, yuko kwenye mfungo. Haongei na mtu. Jumapili akifungua nitamwambia."

"Jumapili? Mzee, baba sidhani kama anafika huko. Nitakuja kumchukua mwenyewe kwa pikipiki, hata sasa hivi. Nakuomba ruhusa yako tu."

Ruhusa yangu! Alikuwa ananiheshimu, jamani. Mtoto wa watu, Mwislamu, ananiomba mimi ruhusa kwa sababu shangazi yake ananiita mchungaji.

"Usije," nikamwambia. "Ngoja nizungumze naye kwanza. Nitakujulisha."

Sikuzungumza na mtu. Siku mbili nilipita mbele ya yule mama, nikamwekea mkono kichwani nikimwombea, na ulimi haukunyanyuka.

Alhamisi Shabani akapiga tena. Hapa ndipo nilipojimaliza.

"Mzee, vipi, umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema hawezi kuja. Amesema mmwombee."

Lile la mmwombee nililiongeza mwenyewe ili uongo ukae sawa. Upande wa pili nikasikia mtu akikohoa kwa mbali, kikohozi kizito cha mgonjwa.

"Amesema hivyo shangazi?"

"Ndivyo alivyosema."

Akakata. Nikaifuta ile simu kwenye kumbukumbu, nikazifuta na za Jumanne, nikairudisha kwenye beseni chini ya nyingine. Halafu nikaingia kanisani nikahubiri juu ya upendo. Ole wangu!

Mzee Salehe alikata roho Ijumaa asubuhi. Kwa desturi yao hawachelewi, walimzika mchana uleule baada ya sala. Jumapili Askofu akaja. Viti vikajaa, vingine tukaazima. Mama Agnesi akaongoza nyimbo hadi Askofu akatoa leso. Tukapigwa picha. Wakati wa kuondoka akanishika bega akasema huku kumeanza kuwaka. Nami nikafurahi. Sitawaficha, nilifurahi sana, na chakula kilipita vizuri.

Jumatatu mchuuzi wa samaki anayetoka Saadani akapita mlangoni kwa Mama Agnesi kumpa pole. Mama hajui pole ya nini, hadi mchuuzi akamweleza. Akaja kwangu mbio, bila viatu, simu mkononi.

"Mchungaji, kaka yangu kazikwa! Kazikwa Ijumaa, mimi nipo hapa naimba! Hata kunipigia, mchungaji? Hata simu moja?"

Akanionyesha kile kitochi. Hakikuwa na simu hata moja iliyoingia. Alikuwa amempigia Shabani, Shabani akamkatia. Akapiga tena, akakatiwa.

Nafasi nilikuwa nayo. Mungu alinipa nafasi nyeupe, mama yuko mbele yangu, mlango uko wazi, pikipiki zipo. Ningesema, angenitukana, angenitemea mate, kisha angekwenda kwao kulia na wenzake. Badala yake nikasema, "Mama, inawezekana wamekutenga kwa sababu ya imani yako."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Kaka? Kaka anitenge mimi?"

"Si kaka," nikasema. "Waliobaki."

Jamani, mnaona? Uongo wa kwanza niliusema kwa woga. Huu wa pili niliupanga.

Ilipokaribia arobaini akaniomba aende. Nikamkumbusha mafundisho ya hitima. Nikamwuliza, unakwenda kula chakula cha watu ambao hata msiba hawakukuita? Mtu wa nje angesema nalinda imani. Nilikuwa najilinda mimi! Wifi wawili wale wangekaa mkeka mmoja kwa muda wa kumenya kitunguu, kila kitu kingekuwa wazi. Hakwenda. Kule Saadani wakasema, basi, Mwanaidi hata arobaini ya kaka yake imemshinda.

Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nauma meno. Tulikuwa na semina Bagamoyo mjini, makanisa yetu yote ya pwani. Nikamsimamisha atoe ushuhuda. Nikamtambulisha mwenyewe, "Huyu ni mama aliyetengwa na ndugu zake kwa ajili ya Bwana." Watu wakapiga makofi, wengine wakaanza kulia. Yeye akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema, "Nina hamu na kaka yangu." Nikamnyang'anya kipaza sauti, nikaanzisha wimbo.

Tangu siku ile akawa si yule. Nyimbo akaacha. Presha ikapanda, miguu ikavimba. Nilikwenda kumwona alasiri moja, yuko barazani kwake.

"Mchungaji, nipeleke Saadani. Nikaombe radhi."

"Radhi ya nini, mama? Si wao ndio waliokukosea?"

"Sijui nilichokosa. Ndiyo maana nataka nikaulize."

Nikamwambia njia ya Saadani, ile ya kupitia Mkange, imeharibika, tungoje mvua zikatike. Bodaboda zilikuwa zinakwenda Mkange na kurudi kila siku, na yeye aliziona zikipita. Hakubishana nami. Alisema tu, "Haya, mchungaji." Mvua hazijakatika, akafa.

Nilituma habari Saadani kwa yule mchuuzi, nikijipa moyo kwamba hawatakuja. Walikuja! Wamejaa kwenye pikapu, na majembe na sepetu zao, Shabani mbele na Bi Tatu nyuma yake. Wanawake wa Misheni nao wakaja, wale aliowaacha, wakainjika masufuria bila kuuliza yu kanisa gani. Sisi wa kanisa lake tulileta viti. Vijana wa Saadani wakachimba kaburi, mimi nikaombea mwili, tukamzika kando ya mumewe. Mwenyekiti wa kijiji alinishukuru.

Baada ya hapo Bi Tatu akaniita pembeni. Mama mnene mpole, kanga amejitanda kichwani, macho mekundu.

"Baba mchungaji, wewe ndiye uliyekuwa naye karibu. Niambie ukweli, sitakasirika. Wifi yangu tulimkosea nini? Mume wangu alikufa macho yakiwa mlangoni. Kila pikipiki ikipita anasema, huyo Mwanaidi huyo, mfungulieni. Shabani akamwambia amesema haji. Akasema, basi ana sababu. Sababu gani, baba?"

Maneno yalikuwa mdomoni, yote. Nikasema, "Mama, mengine anayajua Mungu."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Basi. Mimi nimemsamehe. Na marehemu alimsamehe, alituusia tusimlaumu. Leo nimekuja kumzika ili ajue hatuna kinyongo naye. Amina, baba?"

Nikaitikia amina.

Wamemsamehe! Mtu ambaye hakukosa lolote, amekwenda kaburini akisamehewa dhambi yangu, na mimi nimesimama pale na koti langu naitikia amina. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi siku hiyo ilikuwa na mtu wake.

Wiki ileile nikamwambia mke wangu. Nilidhani atanishika mkono tupige magoti. Aliniuliza swali moja tu, Mama Agnesi alikuwa umbali gani simu ilipoita. Nikamwambia. Baada ya siku tatu akachukua watoto akaenda kwa wazazi wake Ubena. Nikipiga simu anapokea, hanitukani. Anasema ananiombea, ila kukaa kwenye kiti na kunisikiliza nikihubiri hawezi tena. Binti yangu mkubwa ananiamkia shikamoo kisha anarudisha simu kwa mama yake.

Wale saba walirudi Misheni mmoja mmoja, hakuna aliyeniaga. Katekista aliwapokea bila kujigamba, na tukikutana dukani bado ananisalimia vizuri na kuniuliza hali. Heri angenisuta! Askofu hajui kitu. Nasikia ile picha yetu ya Jumapili ipo ukutani ofisini kwake, na Mama Agnesi yupo mstari wa mbele, anacheka.

Ulipopita mwaka nikaona siwezi tena. Nikapanda bodaboda hadi Saadani, nimeshaandaa maneno. Nikamkuta Bi Tatu uani anageuza dagaa juani. Mama wa watu akafurahi! Akaosha mikono, akanitandikia mkeka, akanipikia wali wa nazi na samaki. Akawa anawaambia majirani, huyu ndiye mchungaji aliyemtunza wifi yangu hadi siku ya mwisho. Nilikula. Kila tonge lilipita kwa shida. Nikasema, "Mama, kuna jambo limenileta."

Shabani, aliyekuwa amekaa kizingitini muda wote, akasimama.

"Mzee, gari la mwisho la kurudi Mkange linaondoka sasa hivi. Twende nikusindikize."

Tukatoka. Tulipofika mbali na nyumba akasimama, hakuniangalia.

"Nilikujua tangu siku ya mazishi. Mama mmoja wa kanisani kwenu alininong'oneza kwamba shangazi hakuwahi kupata habari, na ulipofungua mdomo kuomba, nikaijua sauti. Nilikuwa na jembe mkononi, mzee. Nikamtazama mama, nikaliweka chini."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mama alimchukia shangazi mwaka mzima. Akawa hali, halali. Kumsamehe kulimgharimu, mimi nilikuwepo. Sasa unataka umwambie alimchukia bure? Umwambie shangazi alikuwa hana habari, na angeambiwa angekuja mbio? Moyo wake hautalibeba hilo. Wewe unatafuta pa kutua mzigo wako. Hapa kwa mama yangu hautui. Rudi nao."

"Shabani, mwanangu, nisamehe basi wewe."

"Mimi?" Hapo ndipo aliponitazama. "Baba alinitazama mimi nilipomletea jibu lako. Mimi ndiye niliyemwambia haji. Usije tena, mzee. Mama akikuulizia nitamwambia umehamishwa."

Akarudi nyumbani kwao. Alikuwa bado ameniita mzee.

Basi, hapo ndipo nilipo. Kuomba radhi nimekatazwa, na aliyenikataza ana haki. Waumini wamebaki wanne, na Jumapili nasimama mbele yao kwa sababu sijui kazi nyingine. Wanaimba, mimi nafungua mdomo bila sauti. Kusali peke yangu nimejaribu. Nikifumba macho namsikia mtu akikohoa kwenye simu.

Wachungaji wenzangu wa makanisa madogo, mnaoishi mahali ambapo kila mtu ana kanisa lake au msikiti wake na wewe huitwi popote, nisikilizeni. Udogo si aibu! Mimi niliuonea aibu hadi nikamfungia mtu aliyeniamini, ili kiti kimoja kisionekane kitupu. Msiwaambie watu wasile kwa ndugu zao. Msisimamishe majeraha ya watu mbele ya kipaza sauti. Na ninyi waumini, mkiambiwa mweke simu kwenye beseni, muulizeni mchungaji wenu, ikiita utafanya nini? Akiona haya kujibu, ichukueni mwondoke.

Simu ya mwenzio ikiita mkononi mwako, mpelekee, hata akiwa magotini, hata kama askofu yuko mlangoni. Mwache azungumze na ndugu yake mwenyewe. Hawa wangu wawili sina tena namna ya kuwakutanisha.